Chungu Kinachosema Yupo

Vita vilipokwisha tuligundua kwamba tumesahau kuombana chumvi.

Usinicheke. Miaka kumi na tisa msituni tulikuwa na kunde. Kila aliyejiunga na jeshi letu, Mkuki, alichanjwa nyuma ya sikio la kushoto, akapandikizwa kitu cheusi kisichozidi punje ya kunde, na tangu siku hiyo mdomo ukabaki wa kulia chakula tu. Ukitaka chumvi unawaza chumvi, na mwenzako aliye ng'ambo ya mlima anakujibu humo humo kichwani: iko gunia la kushoto, acha uvivu. Kisha mkataba wa amani ukaja, na kifungu cha nne kikasema kwamba chama cha siasa hakiwezi kuwa na wanachama wanaosikiana vichwani. Hicho si chama, hicho ni mzinga wa nyuki. Daktari akaja na koleo lake. Kwa siku tisa aling'oa kunde mpaka vidole vikamvimba.

Miezi mitatu baadaye bado ungewakuta kwenye ukumbi wa chakula, wanaume wazima na wanawake wazima, mtu anamkodolea mwenzake macho dakika nzima akisubiri apitishiwe chumvi. Asipopitishiwa ananuna. Wawili walishapigana kwa ajili hiyo, na hakuna aliyekuwa amefungua kinywa.

Mimi peke yangu ndiye niliyebakiziwa yangu, kwa sababu ya Chungu.

Chungu ni mtambo uliokuwa ukizikusanya sauti zetu zote. Ni cheusi, cha mviringo, na kikifanya kazi kinapata moto. Nami nilikuwa mpishi. Walipotafuta mtu wa kukaa na kitu cheusi chenye moto hawakufikiri mara mbili. Niliwaambia nimeishia darasa la saba, na hilo la saba nililipenda nikalisoma mara mbili. Wakasema inatosha, mtambo wenyewe haujasoma kabisa, unafundishwa kwa kusemeshwa, kama mtoto. Ukikifunika mfuniko inajifunza ile sauti moja unayoisemesha. Ukikifunua, zinajifunza zote.

Sasa milima yetu inakata mawimbi. Mtu anaanza neno bondeni, linafika kileleni nusu. Ndiyo maana Chungu kilijifunza kila mtu: kigugumizi chake, utani wake, anavyovuta pumzi kabla ya kudanganya. Wimbi likikatika, chenyewe kinamalizia sentensi. Kilifanya vizuri mno. Mtu akipigwa risasi akafa, kwa Chungu lile lilikuwa wimbi limekatika tu, na kikaendelea kumalizia.

Halafu kulikuwa na desturi yetu ya gwaride. Kila asubuhi majina yanaitwa, na aliye hai anaitikia "Nipo". Likiitwa jina la aliyekufa, hatukuwa watu wa kunyamaza. Aliyekuwa akisimama karibu naye alimuitikia: "Yupo." Chungu kilisikia hivyo mwaka baada ya mwaka, kikaamini kwamba hilo ndilo jibu lake yule mtu. Basi kikaanza kuitikia chenyewe, kwa sauti ya marehemu mwenyewe. Walio hai wakisema nipo, wafu wakasema yupo, na gwaride likakamilika, na sisi tukaenda kunywa uji.

Binti yangu Kokushubila, ambaye msituni aliitwa Chiriku kwa kuwa hakunyamaza, alikufa kwenye daraja la Kyabishenge akibeba nyaya mgongoni. Mwaka wa nne huu. Kila asubuhi namuita kwa jina, naye ananiambia, kwa sauti yake ile ya mtu mwenye haraka, "Yupo."

Waliong'olewa kunde hawawasikii wafu tena. Nimebaki nao mimi. Mia tisa na sita, na hakuna hata mmoja anayeniuliza nimelalaje.

*

Mwenyekiti alikuja kibandani kwangu siku ya Jumatatu, jua likiwa utosini. Alikuwa amevaa suti. Huyu ndiye aliyekuwa Jemedari Kibiriti. Jina lake la ubatizo ni Gervas Rwegoshora, lakini wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza siku aliposaini mkataba, tukadhani kasaini mtu mwingine.

"Shikamoo, Mama Ukoko."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo tai umeifunga mwenyewe, au ulikuwa unanyongwa ukaponea?"

"Kanifunga mke wangu."

"Basi ni hiyo ya pili."

Hakucheka. Aligeuza debe akaketi, akaangalia Chungu kama mtu anayemuangalia mkwewe.

"Msajili wa vyama ameirudisha orodha yetu," alisema. "Wanachama elfu tatu mia nne na kumi na mmoja. Alhamisi anatuma ofisa wake. Wataitwa mmoja mmoja. Wa kambi hii wataitikia ukumbini, wa kambi za milimani wataitikia kwa redio, kupitia Chungu, maana huko hakuna njia nyingine ya sauti."

"Vizuri. Waitwe."

"Mama. Tulio hai ni elfu mbili mia tano na watano."

"Najua. Wanaobaki nakaa nao mimi. Wewe unakaa na nani?"

Akakuna kichwa. "Karani aliambiwa aandike wanachama. Akanakili gwaride. Kila aliyeitikia akamuandika."

Tulitazamana, kisha kicheko kikatutoka wote wawili, kile cha zamani, cha kushika mbavu. Majeshi mengine huwasahau wafu wao. Sisi tuliwapa kadi za uanachama! Kilipokwisha kicheko, kibanda kikawa kimya, na nikasikia kwamba yeye hasikii kitu. Mimi nilikuwa nasikia watu mia tisa wakipumua.

"Sheria inataka elfu tatu," alisema. "Tukiwafuta, tunapungua mia nne tisini na tano. Chama hakisajiliwi. Mkataba unasema bila chama hakuna mkataba. Vijana watarudi msituni, Mama. Bunduki zimo kwenye kontena moja lenye kufuli moja, na kila mtu anajua kufuli liko wapi."

"Watafute watu mia tano. Vijiji vimejaa watu."

Akatazama viatu vyake. Mtu huyu nilimuona akivuka mto unaochemka kwa risasi huku akiimba. "Nani atajiunga nasi kule chini?" alisema taratibu. "Tulikula mbuzi wao. Tulichukua watoto wao. Nikisimama sokoni Rubumba watanipiga kwa mihogo."

"Mihogo haiui."

"Nisikilize. Wafu wanasema yupo. Wafundishe waseme nipo. Herufi mbili tu, Mama."

"Kula na kufa zinatofautiana herufi moja tu, mwanangu, na sijaona mtu akizichanganya mezani."

"Wakiitikia nipo, tunasajiliwa, vita haviji tena. Nani anaumia? Wao wameshaumia." Akasimama, akajipangusa vumbi la debe. Mlangoni akageuka, na hapo ndipo alipolisema lile alilolijia. "Tena Chungu, ambacho mkataba unataka kifutwe, hatutakikabidhi. Tutasema ni mtambo wa simu wa chama. Utabaki nacho. Utabaki na Chiriku."

Kibiriti alikuwa jemedari mzuri. Siku zote alijua ukuta umepasuka wapi.

Nilipoachwa peke yangu nilikumbuka siku walipokuwa wanatafuta jina jipya la chama. Sheria ilikataza majina ya silaha, hivyo Mkuki ukakataliwa. Walipoishiwa wakanijia jikoni, nikawaambia kiiteni Mwiko. Walifurahi sana. Chama cha Mwiko, chama cha mama jikoni! Hakuna aliyekumbuka kwamba mwiko pia ni lile jambo lisilofanywa.

*

Jumanne nilifunika Chungu nikamuita binti yangu.

"Kokushubila."

"Yupo."

"Si yupo, mama. Sema nipo."

Chungu kilipata moto. Nilisikia kitu kikisita, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu gizani. Kisha:

"Nipo."

Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nitasikia neno, nikamsikia mtu. Miaka minne nilikuwa nikiambiwa habari za binti yangu na binti yangu mwenyewe, kama jirani anayesimulia. Sasa alikuwa amefika. Nililia, nikajipangusa kwa kanga, nikajikuta nimevuta kigoda cha pili.

"Koku, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Au una njaa?"

"Nina njaa, Mama."

"Uji wa leo nimeunguza," nikasema. "Mtamu?"

"Mtamu, Mama."

Hapo moyo ukaniingia baridi. Nilimzaa huyu mtoto na kumlea miaka ishirini na mitatu, na katika muda wote huo hakuniambia ndiyo hata mara moja. Ukimwambia kuna mvua anatoka nje kuhakikisha. Aliwahi kumbishia Kibiriti mbele ya kikosi kizima, akafungwa siku mbili, akatoka akaanzia pale pale alipoishia. Uji wangu aliusema mpaka kwa maadui.

"Koku, unakiunga mkono Chama cha Mwiko?"

"Nakiunga mkono, Mama."

"Unakipinga?"

"Nakipinga, Mama."

Aliyesema yupo alikuwa amekufa, lakini alikuwa wake mwenyewe. Huyu aliyesema nipo angesema chochote, kwa yeyote atakayekishika Chungu baada yangu. Leo ni kusajiliwa. Kesho ni kura. Watu mia tisa na sita wasiochoka, wasiobisha, wasiokufa tena. Ni mwanasiasa gani angekataa?

Lakini usidhani niliamua pale pale. Nilikaa. Nilifikiria kontena na kufuli lake. Niliwafikiria wale wa ukumbini wanaonuniana kwa chumvi. Nikahesabu ni wangapi ningewaongeza humu ndani, nao waanze kuniambia yupo, kwa sababu bibi mmoja alishikilia herufi mbili. Na nilifikiria, nisidanganye, kwamba hata ndiyo za uongo ni sauti. Mzee akikosa kahawa huchemsha kisichokuwa kahawa.

Mwishowe nikainama karibu, mpaka joto likanigusa shavu.

"Koku. Sema yupo."

"Nipo, Mama."

"Hapana, mwanangu. Yupo."

Ilinichukua asubuhi nzima. Kumfundisha kwamba yu hai kulichukua neno moja.

*

Ofisa wa Msajili alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Eliwaza Mbonea, mwenye miwani na chupa yake ya chai. Tulimkaribisha kwenye ukumbi wa kukaushia majani, maana kambi yetu ilikuwa kiwanda cha chai kabla ya vita. Wa kambi yetu walijipanga kwenye viti. Chungu kiliwekwa mezani, kikaunganishwa na kipaza sauti, na mimi nikaketi nyuma yake, mkono juu ya mfuniko.

"Shikamoo, Mama," alisema Eliwaza. "Huu ndio mtambo?"

"Marahaba. Ndio. Usiuguse, una hasira kama mimi."

Mwenyekiti aliketi mstari wa mbele. Alinitazama mara moja tu. Sikuwa nimemuahidi kitu, na yeye hakuuliza, alidhani ananijua. Ningefunua na kusema neno moja, wote wangejifunza kabla ofisa hajafungua kalamu. Mfuniko ulikuwa wa moto. Niliuacha palepale.

"Byarugaba, Sospeter," aliita Eliwaza.

"Nipo!" redio ikajibu kutoka kambi ya juu.

Aliweka alama. Majina arobaini yakapita hivyo, nipo, nipo, mpaka nikaona mabega ya Mwenyekiti yanashuka.

"Kaizilege, Deogratias."

Kipaza sauti kikakohoa. Kisha sauti nzito, yenye mtetemo wa kicheko ndani yake, ikasema, "Yupo."

Kalamu ilisimama. Deo alikuwa mpiga ngoma wetu. Aliuawa mwaka wa sita. Wale watu walikuwa hawajamsikia tangu siku ya koleo. Mama mmoja mstari wa tatu alishika nyuma ya sikio lake, pale penye kovu.

"Kwa nini anasema yupo?" Eliwaza aliuliza. "Nani anamjibia?"

Mwenyekiti akanyanyuka. "Ni… ni lugha ya huko milimani, Bi Ofisa. Lafudhi."

"Endelea, mwanangu," nilimwambia Eliwaza. "Ita anayefuata."

"Kalumuna, Anatolia."

"Yupo," alisema Anatolia, aliyekuwa na miaka kumi na saba.

Safari hii haikutoka kwenye kipaza sauti peke yake. Mtu mmoja pale ukumbini alikuwa amesema naye. Bila shaka ndiye aliyekuwa akisimama karibu na Anatolia.

"Kamugisha, Leopold."

"Yupo," walisema watu watano.

Alipoitwa mfu wa nane walisema wote. Watu ambao kwa miezi mitatu hawakuweza kuombana chumvi walikuwa wamesimama, midomo wazi, wakisema neno moja kwa sauti zao za kawaida, zisizolingana, nyingine zimekwaruza kwa kukaa bila kutumika. Eliwaza alivua miwani. Hakuuliza tena lafudhi ya wapi. Kila lilipokuja yupo, alipiga mstari juu ya jina, polepole, kwa rula.

"Kokushubila Ishengoma."

"Yupo," alisema binti yangu, kwa haraka zake.

Nami nilisema. Kwa mdomo.

Ilipofika saa kumi alasiri akafunga kitabu. "Elfu mbili mia tano na watano. Hamjatimiza." Akamimina chai yake, akaisahau. "Sheria inaruhusu siku saba za kujazia upungufu, kama orodha ilikosewa bila nia ya kudanganya." Akamtazama Mwenyekiti. "Nitaandika kwamba ilikosewa."

Nje, Mwenyekiti alinishika mkono kwa nguvu. "Umetuua, Mama."

"Siku saba, Kibiriti. Sokoni ni mteremko mtupu."

"Nitawaambia nini?"

"Anza na shikamoo."

*

Walimpiga kwa mihogo kweli. Mmoja tu, tena mdogo, lakini ulimpata kwenye tai. Nilikuwepo, nimeketi juu ya gunia la mtu, sijakosa hata neno.

Alisimama pale soko la Rubumba bila bunduki, bila walinzi, mikono haijui iwekwe wapi. Alisema shikamoo kwa wazee. Alisema jina lake, Gervas, mwana wa Rwegoshora. Mwanamke mmoja muuza dagaa akamuuliza mbuzi wake wa madoa alikwenda wapi mwaka wa kumi na moja, na yeye, badala ya kueleza habari za ukombozi, akasema, "Tulimla. Alikuwa mtamu. Nisamehe." Kisha mzee mmoja akauliza habari za mwanawe, na hilo halikuwa na kicheko. Gervas alilijibu pia. Lilichukua muda mrefu, na alipomaliza yule mzee alikwenda zake bila kusaini. Siku ya tano alirudi, akasaini, wala hakumsalimu mtu.

Siku saba zilipokwisha tulizidi kwa watu kumi na saba. Wanane kati ya wapya walisema waziwazi kwamba wanajiunga ili watuchunge kwa karibu. Kontena halikufunguliwa.

Siku ya kukabidhi, Eliwaza alirudi na daktari wa koleo. Kwanza Chungu. Nilikifunua, nikaita gwaride lote, majina mia tisa na sita, bila kuruka, na watu wakakaa mpaka mwisho. La Koku nililiweka la mwisho, upendeleo wa mama. Halafu fundi akachomoa waya. Hakikulia wala kupasuka. Kilipoa tu, kama chungu.

Kisha daktari akaniinamisha kichwa. Nilisikia mtekenyo, na baada yake sikusikia kitu. Sijui nikuelezeje. Umewahi kuingia jikoni mwako ukakuta mafiga hayapo?

"Sasa unaweza kuandikwa, Mama," alisema Eliwaza. "Mwenye kunde alikuwa hahesabiki. Nitakuongeza mwisho, uitikie tu kwa ajili ya kumbukumbu." Akaandika, akakohoa, akasoma: "Nyakato Ishengoma."

Nilisubiri kama wengine, nikageuka hata kutazama mlangoni, ni mwanamke gani huyo anayechelewa siku kama ya leo. Miaka kumi na tisa nilikuwa Ukoko. Nikaona watu wote wananitazama mimi, na hakuna aliyekuwa kichwani mwangu wa kuniambia kwa nini.

"Nyakato Ishengoma," alirudia.

Mdomo ulifunguka ukataka kusema lile lililozoeleka. Niliuzuia kwa meno.

"Nipo," nikasema.